Mawese ya Ijumaa Kuu

Mhudumu wa chumba cha maiti aliishika ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kisha akanitazama kwa upole kama mtu anayemwona mwenzake ameanza kuchanganyikiwa. "Mama, haya ni mawese," akasema. "Ya kupikia." Nikamwambia najua. Akasema ndugu wengi huleta mafuta ya nazi au yale ya mgando ya dukani, na kama sina angeweza kunitafutia kidogo. Halafu akashusha sauti, akaniambia kumwosha marehemu mwanaume ni kazi ya wanaume, na vijana wa jumuiya walikuwa nje wanangoja. Nilimjibu kwamba aliyelala pale nimemwosha tangu ana miaka mitano, vijana wakae tu kivulini. Mdogo wangu Mapendo alikuwa nyuma yangu ameshika beseni. Alikuwa amefika asubuhi ileile kwa boti kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, alikorudi na mumewe vita vilipotulia. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Tulikutana kwenye mlango wa hospitali, tukashikana mikono, na neno lake la kwanza halikuwa kuuliza mdogo wetu alikufaje, wala kama aliteseka. Aliniuliza, "Yaya, umeleta mawese?"

Mtu hawezi kuielewa chupa ile mpaka nimweleze Yesu wa kwetu. Kijiji chetu kilikuwa ng'ambo, na kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, kilikuwa cha tofali mbichi na bati. Msalaba wa zamani ulipoliwa na mchwa, wazee walimwomba mchonga mitumbwi achonge mwingine. Fundi yule hakuwa amechonga mtu maishani mwake. Alisema hawezi kuchonga kitu asichokiona, apewe mtu wa kumtazama, na mtu aliyemchagua alikuwa baba yangu, kwa ajili ya mabega yake ya kuvuta nyavu, na kwa sababu ukimwahidi tumbaku alikuwa anaweza kusimama muda mrefu bila kunung'unika. Baba akasimama nyuma ya kigango siku nyingi, mikono ameitandaza juu ya kasia lililofungwa kwenye miti miwili. Yesu alitoka wa mvule, ana kitambaa kiunoni kama wavuvi wa kwetu, masikio yamechomoza kama ya baba, na juu ya nyusi ana kovu ambalo baba alilipata kwa ndoana. Jumapili ya kwanza akina mama walishindwa kusali kwa kicheko. "Leo tunampigia magoti mume wa Mama Feza," mmoja akasema. Mama yangu hakugeuka hata kichwa. "Pigeni tu," akasema. "Wangu mimi jana amelala bila kunawa miguu."

Mti usipopakwa mafuta hupasuka kiangazi. Kwa hiyo kila Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, wanaume walimshusha Yesu msalabani wakamlaza kwenye mkeka, na akina mama wakamfuta vumbi na kumpaka mawese, taratibu, kutoka kichwani mpaka vidoleni. Mwanzoni ilikuwa kutunza mti. Baada ya miaka michache ikawa ndiyo sala yenyewe, na hakuna aliyekumbuka habari ya mti. Watu walilia pale. Walimpaka jinsi mtu anavyompaka mtoto wake aliyetoka kuoga, wakizungumza naye, wakimwambia nani amekufa na nani amejifungua. Miguu ilikuwa ya mama, hakuna mwingine aliyeigusa kabla yake. Kwa kunywa mawese mwaka baada ya mwaka yule Yesu aligeuka mweusi wa kung'aa, na mara nyingi nilimwona Heri, mdogo wetu wa mwisho, akichungulia kutoka mgongoni mwa mama na kunyoosha mkono aguse lile kovu.

Habari za vita sitazisimulia. Baba alibaki kule, kwenye njia ya kuteremka ziwani, na hatukupata nafasi ya kumzika. Mama alivuka na sisi, akafa kambini kwa kuhara kabla mvua hazijaanza, na jambo aliloniachia ni moja, tusiachane. Nilikuwa na miaka kumi na sita, Mapendo kumi, Heri mitano. Hatukuwa na picha ya baba. Kwetu hakuna mpiga picha aliyewahi kufika. Uso wake uliobaki duniani ulikuwa ule wa msalabani, ng'ambo ya maji, na siku za anga safi tuliiona milima ya kule kama vile tungeweza kuifikia kwa miguu.

Parokia ya mjini ilitusaidia tukapata chumba Ujiji, uani kwa mjane mmoja Mwislamu, Bibi Tatu, na kila mwezi ikatupa unga. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ubao lisilofunga vizuri, na ukuta wa udongo mwembamba kiasi kwamba jioni tulisikia kila kilichosemwa upande wa pili. Wifi yake Bibi Tatu alipenda kuuliza mambo yetu. "Hao wakimbizi wako wanakula nini?" Bibi akamjibu, "Wanakula ugali wa muhogo na dagaa, kama wewe. Umesahau bibi yako alitoka wapi? Sisi Wamanyema nasi tulivushwa ziwa hilohilo, tofauti ni kwamba sisi tulitangulia." Majirani nao, waliposikia Mapendo ananiita yaya, ambavyo kwetu ndivyo unavyomwita ndugu yako mkubwa, walidhani mimi ni msichana wa kazi niliyeajiriwa kulea watoto wa watu. Mmoja aliniuliza mshahara ni kiasi gani. Nilimwambia bosi wangu bado mdogo, hajaanza kulipa.

Kazi yangu ilikuwa kuanika dagaa pwani ya Bangwe. Nilikwenda alfajiri na Heri akinifuata, nikawatandaza dagaa mchangani, nikawageuza jua lilipopanda, nikawafukuza kunguru. Heri alikaa akitazama ng'ambo. Kabla hatujarudi nyumbani alisimama, akafanya ishara ya msalaba, akasema, "Kesho, Baba." Sikujua anamwambia nani kati ya wawili wale, baba yetu au Yesu wa mvule, na nadhani yeye hakujua kama ni wawili.

Yesu wa parokia alikuwa wa plasta. Alikuwa mweupe kama unga, nywele za rangi ya mchanga, macho ya buluu yametazama juu, na damu yake ilikuwa nyekundu mno, kama rangi iliyopakwa jana. Siku ya kwanza Heri alinivuta kanga. "Yaya, huyu nani?" Nikamwambia ni Yesu. Akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Anaumwa?" Nikamwambia anyamaze. Lakini mimi mwenyewe nilipopiga magoti sikupata la kusema. Sikuwa na ugomvi na Yesu yule. Watu wema wa mjini walilia mbele yake na nikaona wanasikilizwa. Nilijiona tu kama mgeni aliyeingia nyumba ya mtu anayemjua kwa sifa, akakosa pa kukaa.

Ilipokaribia Pasaka, mama mmoja wa kijijini kwetu alishuka Bangwe na madumu ya mawese ya kuuza. Nilimkimbilia. Nikamuuliza habari za watu, akanipa, moja baada ya nyingine, hakuna iliyokuwa nzuri. Mwisho nikauliza kigango. "Kimechomwa," akasema. "Bati lenyewe limejikunja kama jani." Nikauliza msalaba. Akatazama pembeni. "Mwanangu, mti ule ulikuwa umekunywa mawese miaka yote ile. Uliwaka kama taa." Aliponiona nimekaa chini mchangani, akajaza mawese kwenye chupa tupu ya dawa, akanifumbatisha mkononi, hakutaka malipo. Nyumbani nilimwambia Mapendo peke yake. Chupa niliiweka chini ya kitanda. Sikuitaka chakulani na sikuweza kuitupa.

Ijumaa Kuu kanisa lilijaa. Saa ya kuabudu msalaba, Yesu wa plasta aliletwa mbele, akalazwa kwenye mto, watu wakapanga mstari kwenda kumbusu miguu. Kwaya iliimba polepole. Mimi na Mapendo tulikuwa nyuma ya Heri, na nilimwona ameshika tumbo nikadhani ana njaa, maana tulikuwa tumefunga. Alipofika mbele hakuinama kubusu. Alipiga magoti kwenye sakafu, akatoa ile chupa ndani ya shati, akamimina mawese kiganjani, akaanza kumpaka Yesu. Alianza na uso. Alimpaka kama mama alivyokuwa anampaka yeye mwenyewe, mashavu, nyuma ya masikio, shingoni, huku anamsemesha kwa sauti ndogo. Alifika mpaka miguuni kabla mtu yeyote hajajua afanye nini. Sauti za kwaya zikakatika moja moja. Kuna bibi aliyeshika kichwa, na nyuma kabisa kuna mtu aliyecheka. Katekista akamshika Heri mkono uliojaa mafuta, akamnyanyua. "Umefanya nini, wewe?"

Heri alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Amepauka," akasema. "Hamjampaka."

Ninakumbuka kwamba sikuona aibu. Mpaka leo najishangaa. Rangi ya machungwa ilikuwa inateremka kwenye plasta, inaingia kwenye nyufa za macho, na mimi nilichokiona ni kwamba mdogo wangu hajasahau. Hakusahau hatua hata moja, isipokuwa kwamba aliichukua na miguu pia, kwa kuwa mama, mwenye miguu, hayupo.

Jumatatu ya Pasaka niliitwa kwenye kamati. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mke wa mfanyabiashara. Alinikaribisha kiti na akaniuliza kama nimekunywa chai. Akasema hakuna anayemlaumu mtoto, wala mimi. Akasema kuna makao ya yatima mbali, kwa masista, safari ya treni, ambako Heri angelelewa vizuri na kufundishwa heshima. Mapendo angekaa kwake, asaidie nyumbani na kusoma. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeacha sekondari kidato cha pili, parokia ingenilipia nimalize. "Wewe una akili, Feza," akasema. "Mikono hii si ya kugeuza dagaa. Huwezi kuwa mama na wewe ni mtoto." Katekista, ambaye mikono ya kanzu yake bado ilikuwa na doa, akaongeza kwamba kukataa kungekuwa jambo gumu kueleweka, kwa watu wanaotoa unga.

Sitasema sikuyumba. Nililipenda darasa. Nilipenda hata harufu ya chaki. Padri, mzee Mfipa aliyezungumza kwa nadra, alikuwa kwenye pembe anatazama mikono yake. Niliwaza kengele ya shule, na niliwaza Heri ndani ya treni amekaa karibu na dirisha, anatafuta ziwa upande ambao halipo. Nikasimama. "Nashukuru kwa chai," nikasema. "Heri hatoki. Mapendo hatoki. Mama alisema tusiachane." Mwenyekiti akasema, kwa upole uleule, "Mama yako hakujua hali itakuwaje." Nikamwambia, "Alijua, mama. Alikuwa anakufa." Nikaomba ruhusa niende nikapike. Mwezi uliofuata unga haukuja, na shule sikurudi tena maishani mwangu.

Siku chache baada ya kikao kile padri alikuja Ujiji kwa baiskeli. Bibi Tatu alimwekea kiti uani, akammiminia kahawa. Padri akasema amejaribu kumsafisha Yesu kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu. "Usoni kumetoka. Miguuni kumeingia ndani. Nimeacha."

"Nanyi Padri mna tabu," Bibi Tatu akasema. "Mnamchora, kisha mnagombana kwa rangi. Sisi Isa bin Mariamu tunampenda, ila hatumchori. Uso wake anaujua Mwenyezi Mungu."

Padri akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani. Heri akasogea. "Kama hamumchori mnamjuaje, Bibi?"

"Kwa habari zake. Aliponya vipofu, alimfufua maiti kwa idhini ya Mungu, aliwahurumia wajane kama mimi. Mtu ukizijua habari zake, hata akipita gizani utamtambua."

Heri akamgeukia padri, akamuuliza yule wa kanisani alichongwa na nani. Padri akasema watu wa Ulaya, na wao walitazama nyuso za kwao. Akasema alipokuwa seminari aliona kitabu chenye picha zake nyingi: Wahabeshi wamempa macho makubwa kuliko uso, Wachina wamempa macho membamba na amekaa mkekani, mahali pengine ana ndevu, pengine ni kijana laini kama mchunga mbuzi. "Hakuna hata mmoja wao aliyemwona," akasema. "Yeye hakuwahi kusimama achorwe."

"Baba alisimama," Heri akasema.

Padri akanitazama. Nikamweleza habari ya mchonga mitumbwi, na kasia, na tumbaku. Alisikiliza mpaka mwisho, kikombe kimepoa mkononi. Alipomwelekea tena Heri alimwita mzee, kama tunavyowaita watoto tunapowaheshimu. "Basi, mzee, wewe unacho ambacho sisi hatuna." Alikuwa anasema kwa nia njema. Hakujua.

Heri akashuka mkekani, akaja kwangu. Macho yake yalikuwa yameng'aa. "Yaya, twende kwetu tukampake yule wetu. Ijumaa Kuu imepita na hakuna aliyempaka." Mapendo akainamisha uso. Nilikuwa nimemficha habari ya ule moto muda wote huo, lakini mtoto aliyepanga safari hawezi kudanganywa, angeniuliza kila asubuhi pale Bangwe. Nikampakata. Nikamwambia watu wabaya wamechoma kigango na Yesu wetu ameungua. Hakulia. Akausogeza uso wake karibu na wangu, akauliza, "Nani alimshusha?"

Nikamwambia hakuna aliyemshusha.

Padri alivua miwani. Bibi Tatu akaanza kukusanya vikombe ambavyo watu hawajamaliza kunywa.

Baada ya hapo Heri hakusema tena "Kesho, Baba." Alikaa Bangwe akiwa ameupa mgongo ule upande. Hapo ndipo nilipoanza, kwa ushauri wa Bibi Tatu, kumpa habari badala ya uso. Kila jioni nilimkalisha ndani ya beseni, nikamwosha mchanga na magamba ya dagaa, nikamsimulia habari moja ya baba: jinsi alivyoogopa nyuki, jinsi alivyokula kichwa cha mgebuka, samaki wa ziwani kwetu, na kutuachia mnofu akidai kichwa ndicho kitamu, jinsi alivyocheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe. Siku moja Heri akauliza kovu lilikuwa upande gani. Nikasema kulia. Mapendo, aliyekuwa anachambua kisamvu, akasema kushoto. Tukabishana, tukapandishiana sauti, mpaka nikagundua jambo: kila nilipomtafuta baba kichwani alikuja amefumba mdomo. Baba yangu hakuwahi kufumba mdomo. Aliyefumba mdomo alikuwa yule wa mvule. Nilikuwa nimemlilia mwaka mzima mtu wa mti, na yule aliyekula vichwa vya samaki alikuwa ameshaponyoka, na Mapendo naye, nilimwona, alikuwa amefika mahali palepale na kisu kimesimama mkononi. Hatukubishana tena. Nikammwagia Heri maji ya mwisho, nikamfunika kanga.

Yeye alikua akawa fundi wa maboti hukohuko Bangwe. Alikuwa fundi mzuri, mcheshi, mwenye kuwachokoza wateja, akaoa, akapata watoto wawili. Kila Ijumaa Kuu alipofika kanisani alipanga mstari kama wengine wote, akabusu miguu ya plasta pale penye doa lake. Tangu masika kifua kilimsumbua, na wiki iliyopita kikamchukua, hajafika miaka arobaini. Vijana wa jumuiya wameniletea picha ya kuweka mbele ya jeneza, Yesu yule wa nywele za mchanga, ndani ya fremu ya dhahabu. Ni picha nzuri na nimewashukuru. Itawekwa.

Mhudumu alituachia chumba. Tulimwosha kwa maji ya uvuguvugu. Alikuwa amekonda, ugonjwa ulikuwa umeondoa nyama yote ya utani usoni, masikio yakachomoza, na mdomo, ambao maisha yake yote ulikuwa wazi kwa kicheko, ulikuwa umefungwa. Mapendo ndiye aliyeacha kuosha kwanza. Kitambaa kilidondoka ndani ya beseni. Nilitazama anakotazama. Kovu tu ndilo lililokosekana. Mwaka wote ule tulikuwa tunautafuta uso wa baba ng'ambo ya maji, tunaugombania kwa kushoto na kulia, nao ulikuwa chumbani mwetu unakua polepole, na mimi ndiye niliyekuwa nauosha kila jioni.

Nje vijana walianza kuimba, kwa sauti ndogo, ili wasituharakishe. Nikafungua chupa. Mapendo akakinga kiganja, nikamimina, akazunguka meza bila kuniuliza na kwenda kusimama mwisho wake, kwenye miguu, mahali pa mama. Mimi nikabaki na uso.